Jina lipo, orodha haipo: dhana potofu kuhusu null katika Java

Tuseme unaandika programu ya kikoba. Ndani ya klasi umeweka `private List<String> wanachama;` na metodi ya kusajili inaita `wanachama.add("Asha");`. Kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo wako, imenyamaza. Unaiendesha, inaanguka papo hapo: `NullPointerException`.

“Nimeshaitangaza, kwa hiyo orodha ipo, ila ni tupu.”

Haipo. Umetenga jina tu, na Java imelijaza `null`, yaani “hakuna kitu”. Orodha tupu ni kitu kamili: ukiiita `size()` inajibu 0. Kwenye `null` hakuna wa kukujibu. Iumbe palepale unapoitangaza:

`private List<String> wanachama = new ArrayList<>();`

“Nimeiumba kwenye konstrukta, kwa hiyo kosa liko kwingine.”

Hapa ndipo watu wanapokesha. Tazama vizuri konstrukta yako, ile sehemu inayoendeshwa kitu cha klasi kinapoumbwa:

```
public Kikoba() {
    List<String> wanachama = new ArrayList<>();
}
```

Kilichoharibu ni kule kuandika `List<String>` mara ya pili. Java imekielewa kama kigeu kipya cha humo ndani, kilichofanana jina na kile cha klasi. Konstrukta ikiisha, kinapotea pamoja na orodha yake, na cha klasi kinabaki `null` kama kilivyokuwa. Futa aina, uandike `this.wanachama = new ArrayList<>();`.

Mimi huongeza `final`, neno linalodai kigeu kipewe thamani mara moja tu, kwenye tangazo la kigeu cha klasi, na nakusihi uzoee hivyo. Ukirudia kosa hili, kompaila itakataa kabla programu haijamfikia mtu yeyote. Bila `final`, inakagua vigeu vya ndani ya metodi tu. Vya klasi inaviacha vipite.

“Weka `if (wanachama != null)`, yaishe.”

Programu haitaanguka, kweli. Lakini Asha hakusajiliwa, na hakuna aliyejua. Mama wa watu ametoa mchango wake, siku ya kugawana jina halimo. Afadhali programu ianguke mchana kweupe. Kuimeza hitilafu kwa `try` na `catch` ni yaleyale.

“`new ArrayList[12]` inanipa orodha 12 za michango ya miezi.”

Inakupa nafasi 12, zote `null`. Zungukia kila moja uiumbie orodha yake.

“Ni kosa la wanaoanza.”

Tony Hoare, mwanasayansi wa kompyuta aliyeingiza wazo la `null` mwaka 1965 alipokuwa akibuni lugha ya ALGOL W, mwaka 2009 aliliita mwenyewe kosa lake la dola bilioni moja. Wakongwe nao hunaswa, hasa katika kazi yenye mikono mingi. Tofauti yao ni kwamba wanausoma ujumbe wa kosa mpaka mwisho. Tangu Java 15, ya mwaka 2020, ujumbe huo humtaja mhusika kwa jina: `because "this.wanachama" is null`. Ukiuona hivyo, acha kuuchunguza mstari wa `add`. Tafuta mahali ambapo `wanachama` alipaswa kupewa `new`.