Mwongozaji wa filamu si mkurugenzi

Juzi nimemsikia tena mtangazaji akimtambulisha mgeni wake kuwa ni "mkurugenzi wa filamu", na mgeni, kwa adabu, hakumsahihisha. Mtu aliyekusudiwa huitwa mwongozaji: ndiye anayeichukua hadithi iliyoandikwa na kuamua itaonekana na kusikika vipi.

Kosa hili limezaliwa na tafsiri. Kiingereza kina neno moja tu, "director", lenye asili ya kitenzi cha Kilatini cha kunyoosha au kuelekeza, na neno hilo hulazimika kuwabeba mkuu wa kampuni na msanii wa filamu kwa pamoja. Kiswahili kimewatenganisha. Mkurugenzi tumemkabidhi idara, bajeti na watumishi; anayemwita mwongozaji kwa jina hilo anatuletea upungufu ambao lugha yetu haina.

Mwongozaji hutokana na ongoza, nalo limetoka kwenye ongoa, yaani kunyoosha au kumrejesha mtu katika njia iliyo sawa. Ndiyo maana husemwa kwamba fulani ameongoka. Kiambishi tamati -aji, kama katika mwimbaji na mchoraji, huonyesha kwamba tendo hilo ndilo kazi yake. Nalipenda neno hili kwa sababu linaeleza kazi yenyewe. Tuseme muswada umeandika tu kwamba mwanamke anapokea barua na kuisoma. Mwongozaji ndiye anayemwambia mwigizaji aikunje kabla hajaimaliza, anayeamua kamera ibaki kwenye vidole badala ya uso, na anayetaka onyesho lirudiwe mara ya sita kwa sababu mkono ulifanya haraka. Hapo hakuna ukurugenzi wowote, kuna kunyoosha.

Wala si mtayarishaji, ambaye hutafuta fedha, huajiri watu na kuhakikisha kazi inafika mwisho. Katika tuzo za Oscar, ile ya filamu bora hupokelewa na watayarishaji, ilhali mwongozaji ana tuzo yake peke yake.

Kwenye televisheni mpaka huo husogea, na hapo ndipo wengi hupotea. Filamu kwa kawaida hubaki mikononi mwa mwongozaji mmoja tangu maandalizi hadi uhariri. Tamthilia yenye sehemu nyingi huweza kupita kwa waongozaji kadhaa, kila mmoja akikuta wahusika na mwonekano vimekwisha kuwekwa, na mara nyingi neno la mwisho likiwa la mwandishi mkuu ambaye pia ni mtayarishaji. Kwa hiyo aliyeongoza sehemu mbili hastahili kusemwa kwamba ameongoza tamthilia nzima. Hata hivyo ni shule kubwa: Sidney Lumet aliongoza vipindi vya televisheni kabla ya filamu yake ya kwanza ya sinema mwaka 1957, na Steven Spielberg naye alianzia huko. Katika kipindi cha moja kwa moja mwongozaji hata hakai karibu na kamera, bali huketi chumba cha udhibiti mbele ya safu ya skrini, akitaja kamera itakayofuata.

Basi, ndugu mtangazaji, mgeni wako akiongoza filamu, mwite mwongozaji. Ikiwa pia anaisimamia kampuni inayozitengeneza, cheo cha mkurugenzi ni chake kwa haki, ila ni cha ofisini kwake.