Deni la Faulo: Jinsi Mchezaji wa Kikapu Anavyofungiwa kwa Kosa Lililoonekana Dogo

Kila ifikapo Juni, baridi ya Mbeya ikiwa imeshika barabara na fainali za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, zikionekana kwetu alfajiri, vijana ninaowafundisha uamuzi huniuliza kuhusu jambo lilelile lililotokea mwaka 2016. Kwa nini Draymond Green wa Golden State alifungiwa mechi ya tano ya fainali kwa kumrushia LeBron James wa Cleveland mkono kinenani, pigo ambalo wengi wao wamewahi kuona baya kuliko hilo kwenye viwanja vyetu vya saruji, na mpigaji akaendelea kucheza? Huwa nawajibu kwamba Green hakufungiwa kwa lile pigo. Alifungiwa kwa deni, na pigo lile lilikuwa shilingi ya mwisho iliyolifikisha deni mahali pa kudaiwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. NBA ina faulo inayoitwa flagranti, nayo ina ngazi mbili: ya kwanza ni ya mguso usio wa lazima, na ya pili ni ya mguso usio wa lazima ambao pia umepita kiasi, na anayefanya hii ya pili hutolewa nje papo hapo. Flagranti ya kwanza humwandikia mchezaji pointi moja, ya pili pointi mbili, na katika mechi za mtoano anayevuka pointi tatu hukosa mechi inayofuata bila mjadala. Green alikwisha kupata pointi moja kwa kumwangusha Michael Beasley wa Houston, kisha pointi mbili kwa teke lililompata Steven Adams wa Oklahoma City, ambalo ligi ililipandisha ngazi baada ya kulitazama upya. Aliingia fainali akiwa na pointi tatu, kwa hiyo flagranti yoyote, hata iliyo nyepesi namna gani, ingemfungia. Mpenzi wa soka anayejua kadi za njano zinavyojikusanya hadi mtu akakosa mechi kwa kosa la kuvuta jezi hana haja ya maelezo zaidi.

Golden State walikuwa wakiongoza kwa mechi 3 dhidi ya 1. Mechi ya tano walifungwa nyumbani 112 kwa 97, James na Kyrie Irving wakifunga pointi 41 kila mmoja, huku Green akiwa katika uwanja wa besiboli uliopakana na ukumbi, kwa kuwa aliyefungiwa haruhusiwi kuwamo ukumbini. Cleveland wakashinda na mbili zilizofuata, na hapo kabla hakuna timu iliyowahi kutoka nyuma kwa 3-1 katika fainali ikatwaa ubingwa.

Ninaposimulia haya, daima hutokea kijana wa kuuliza: lakini alikusudia? Swali hilo ndilo linaloharibu mazungumzo mengi kuhusu mchezo mchafu, kwa sababu linamtaka refa apime moyo, na refa hana mizani hiyo. Kanuni za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, ambazo ndizo tunazozitumia hapa Tanzania, zinamuuliza swali jingine: je, mchezaji alikuwa akijaribu kweli kuucheza mpira? Kama hakuwa akiucheza, au kama aliucheza kwa nguvu zilizopita kiasi, hiyo ni faulo isiyo ya kiuanamichezo. Aliyetendewa kwa kawaida anapewa mitupo huru miwili na timu yake inarudishiwa mpira. Mchezaji akipata mbili za namna hiyo katika mechi moja, au moja pamoja na ya kiufundi, yaani ile ya utovu wa nidhamu bila mguso, anatoka. Unaweza kumchukia mpinzani wako tangu shule ya msingi na ukamfanyia faulo ya kawaida kabisa, kama vile unavyoweza kumpenda kama ndugu na bado ukastahili kutolewa nje.

Mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa hilo. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa refa katika mechi ya vijana wa vyuo hapa mjini, jioni moja baada ya manyunyu, uwanja ukiwa haujakauka vizuri. Mfungaji mmoja aliruka kutupa mpira kutoka pembeni, na mlinzi wake, aliyekuwa amechelewa, akamkimbilia na kuuweka mguu pale pale mwenzake alipokuwa anashukia. Kifundo cha mguu kiligeuka na kijana akabebwa na wenzake. Nilimtazama mlinzi, nikaona uso wa mtu aliyeshtuka kwa dhati, nikatoa faulo ya kawaida. Kocha wa aliyeumia hakunipigia kelele, alinijia mechi ilipokwisha, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, umehukumu sura yake, hukuhukumu mguu wake." Alikuwa na haki. Kanuni inasema aliyeruka ana haki ya kushuka mahali alipotokea, na kwamba kuingia chini ya mtu aliye hewani, mguso ukitokea, kwa kawaida ni faulo isiyo ya kiuanamichezo, na wakati mwingine ni ya kumtoa mtu nje moja kwa moja. Mshtuko wa mlinzi hautajwi popote.

NBA nao walijifunza somo hilo kwa gharama kubwa. Mei 2017, katika mechi ya kwanza ya fainali ya Kanda ya Magharibi, Zaza Pachulia wa Golden State aliuingiza mguu chini ya Kawhi Leonard aliyekuwa akishuka. San Antonio walikuwa wakiongoza kwa pointi 23. Leonard hakurudi katika mechi hiyo wala katika mfululizo huo. Timu yake ilipoteza 113 kwa 111, kisha ikapoteza mechi zote zilizobaki. Pachulia alipewa faulo ya kawaida na hakufungiwa. Watu walibishana kwa majuma kama alikusudia, ila ligi, ilipofika msimu wa 2017-18, haikujaribu kuumaliza ubishi huo: iliwapa waamuzi ruhusa ya kutazama picha za marudio na kupandisha faulo ya namna hiyo kuwa flagranti.

Upande wa pili wa kanuni isiyotazama moyo ni kwamba huwapata hata wasio na ubaya. Mei 2007 Robert Horry wa San Antonio alimsukuma Steve Nash wa Phoenix kwa nyonga hadi akagonga meza ya waandishi wa alama, na wenzake Nash wawili, Amar'e Stoudemire na Boris Diaw, wakainuka benchi na kupiga hatua chache uwanjani. Hawakumgusa mtu. Horry alifungiwa mechi mbili, wao moja moja, na Phoenix wakapoteza mechi iliyofuata na hatimaye mfululizo mzima. Wengi wanauita uonevu. Mimi natetea kanuni ile ya kumfungia anayetoka benchi wakati wa ugomvi, nikikumbuka Desemba 1977, Rudy Tomjanovich alipokimbilia mahali penye ugomvi, na Kermit Washington, aliyemwona mtu akimjia mbio, akageuka na kumpiga ngumi iliyouvunja uso wake. Washington alifungiwa siku 60, akakosa mechi 26. Anayekimbilia ugomvi, hata awe msuluhishi, huonekana na walio ndani yake kama adui mpya.

Historia ya mchezaji inaingia kwa mlango mwingine, pale ligi inapoamua yenyewe nje ya hesabu ya pointi. Ron Artest, aliyepanda majukwaani kupigana na watazamaji Novemba 2004, alikosa mechi 86. Mwaka 2012, akiwa amebadili jina kuwa Metta World Peace, alimpiga kiwiko kichwani James Harden, yule aliyechaguliwa kuingia NBA mara tu baada ya Hasheem Thabeet wetu mwaka 2009, akafungiwa mechi saba. Green, Novemba 2023, alifungiwa mechi tano kwa kumkaba Rudy Gobert shingo. Kila mechi ilimkata sehemu moja ya 145 ya mshahara wake, jumla dola 769,704. Mwezi uliofuata alimpiga Jusuf Nurkić usoni, akafungiwa bila kikomo, na ligi ikasema wazi kwamba imezingatia historia yake. Mwishowe zikawa mechi 12. Napendelea hesabu ya pointi kuliko uamuzi wa aina hii, kwa sababu mchezaji anaweza kuisoma kabla hajainua mkono.

Kwetu hakuna mshahara wa kukata. Kijana akifungiwa hukosa basi la timu kwenda mashindanoni. Hivyo ninapomtoa mtu nje na kuwaandikia waandaaji ripoti, naandika mahali mpira ulipokuwa, mahali mkono au mguu ulipokuwa, na kilichompata aliyeguswa. Neno "makusudi" nilikwisha kuliacha.