Si kweli kwamba aliyepasuliwa goti alale tu hadi apone

Ujumbe unaozunguka kila mara katika makundi ya WhatsApp ya familia hapa Dar es Salaam unadai kuwa aliyepasuliwa goti au nyonga asiinuke kitandani kwa wiki 6, eti mazoezi hufumua nyuzi. Dai hilo si sahihi. Baada ya kubadilishiwa kiungo, yaani kuwekewa goti au nyonga ya bandia, wagonjwa wengi husimamishwa siku hiyohiyo au kesho yake, kwa sababu kulala muda mrefu huongeza hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu, hudhoofisha misuli na kukakamaza kiungo. Hata kuchezesha kifundo cha mguu juu na chini ukiwa umelala, kama anayekanyaga cherehani, husukuma damu.

Mkanganyiko una chanzo chake: zamani aliyevunjika paja alivutwa mguu kwa uzito, akalala wiki nyingi, na hata leo upasuaji mwingine huja na katazo la kukanyagia mguu kwa muda. Kwa hiyo soma karatasi uliyopewa ulipotoka wodini, kisha umuulize daktari aliyekupasua au mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) mguu ubebe uzito kiasi gani. Kigimbi kikivimba ghafla, kidonda kikitoa usaha au ukipata homa, rudi hospitali mara moja. Tafadhali ujumbe huo usiusambaze, na aliyekutumia mweleze kwa upole sababu.