Kabla ya msumeno: siku ya daktari wa jeshi, Marekani 1861–1865

Wengi wanaohudhuria mafunzo yetu ya historia ya tiba huja na picha moja kichwani: daktari aliyelowa damu, msumeno mkononi, na askari anayekatwa mguu akiwa macho huku ameuma kipande cha ngozi. Picha hiyo ina ukweli kidogo na chumvi nyingi. Katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kati ya majimbo ya Kaskazini na yale ya Kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa, daktari wa kikosi angeweza kumaliza wiki kadhaa bila kuugusa msumeno. Cha kila siku kilikuwa dawa.

Asubuhi tarumbeta lilipigwa kuwaita wagonjwa. Askari waliutungia mlio huo maneno ya utani kuhusu kwinini, maana ndiyo waliyokwenda kumeza. Walipanga foleni mbele ya hema, mmoja ana homa, mwingine anahara, wa tatu mzima wa afya ila anatega kazi. Daktari aliamua kwa dakika chache nani alazwe, nani arudi kwenye kwata, na nani apewe ED, yaani ruhusa ya kutofanya kazi kwa sababu ya ugonjwa, kama wasemavyo wanafunzi wa bweni Tanzania. Aliyehara alipewa afyuni. Aliyefunga choo alipewa kidonge cha zebaki. Kuna kisa kilichosimuliwa sana cha daktari aliyeweka afyuni mfuko mmoja na zebaki mfuko wa pili, akiuliza kila mtu swali moja tu kuhusu tumbo lake. Hata kama kisa chenyewe kimetiwa chumvi, dawa zilizotajwa ndizo hasa zilizotolewa.

Kwinini ilifanya kazi, ingawa waliitoa kwa sababu isiyo sahihi. Waliamini homa huletwa na hewa mbaya ya vinamasi. Kimelea cha malaria kiligunduliwa mwaka 1880, na dhima ya mbu ikathibitishwa 1897. Zebaki ilidhuru zaidi ya kuponya. Mwaka 1863 William Hammond, daktari mkuu wa jeshi la Kaskazini, aliamuru moja ya dawa za zebaki, kalomeli, iondolewe kwenye maboksi ya dawa. Madaktari wenzake walikasirika kana kwamba amewanyang'anya riziki.

Adui mkubwa alikuwa kambi yenyewe. Vijana wa mashambani ambao hawakuwahi kuugua surua utotoni waliipata humo kwa mamia. Vyoo vilichimbwa karibu na maji ya kunywa, au askari hawakuvitumia kabisa. Kati ya wanajeshi zaidi ya 600,000 waliokufa pande zote mbili, takriban theluthi mbili waliuawa na maradhi, kuhara na homa ya matumbo zikiwa mstari wa mbele. Daktari aliyefuatilia mashimo ya choo na chakula cha jikoni aliokoa watu kuliko fundi wa kisu, lakini hakuna aliyemchora.

Kisha siku ya mapigano ilifika, na watu ambao mafunzo yao yalikuwa mihula miwili ya mihadhara, wa pili ukirudia wa kwanza, walikutana na risasi ya Minié. Risasi hiyo ilikuwa ya risasi laini, madini yenyewe. Ikigonga mfupa ilibapa, ikausaga mfupa vipande vipande na kuingiza mabaki ya nguo ndani ya jeraha. Mfupa wa namna hiyo haukuungika kwa ujuzi wa wakati ule. Mlango ulitolewa kwenye bawaba ukawekwa juu ya mapipa mawili uwe meza ya upasuaji, nje ya ghala au kanisa, ili wafanyie kazi kwenye mwanga.

Na askari alilazwa usingizi. Klorofomu na etha zilijulikana tangu miaka ya 1840, na zilitumika katika sehemu kubwa ya upasuaji mkubwa. Kabla ya usingizi kukolea, mtu hupapatika na kupiga kelele bila kujitambua. Wapita njia waliona na kusikia hayo uwanjani, wakarudi nyumbani na hadithi ya watu kuchinjwa wakiwa macho. Jeshi la Kaskazini liliandikisha ukataji wa viungo karibu 30,000. Kama robo ya waliokatwa walikufa. Aliyekatwa ndani ya siku mbili za kwanza alikuwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko aliyecheleweshwa. Wa jeraha la tumbo, ambao hawakutarajiwa kupona, waliwekwa kando, wakapewa afyuni ya kutuliza maumivu.

Kufika mapema mezani, basi, kulikuwa tiba. Mwishoni mwa Agosti 1862, baada ya mapigano ya pili ya Bull Run, majeruhi walilala uwanjani kwa siku nyingi, wengine karibu wiki. Jonathan Letterman, daktari wa jeshi la Kaskazini, alikuwa ameanza kuunda kikosi maalumu cha magari ya farasi na wabeba machela chini ya amri ya madaktari. Katika mapigano ya Antietam, Septemba 17 mwaka huohuo, majeruhi wengi wa upande wake waliondolewa uwanjani ndani ya takriban siku moja.

Haikuwa kazi ya weupe peke yao. Alexander Augusta, Mmarekani mweusi aliyelazimika kwenda kusomea udaktari Toronto, alipewa cheo cha meja mwaka 1863. Mlipaji mishahara wa jeshi alitaka kumpa dola 7 kwa mwezi, ujira wa askari mweusi asiye na cheo, na madaktari weupe waliowekwa chini yake walimwandikia Rais Lincoln kulalamika.

Kilichowashinda wote ni uchafu wasiouona. Sponji moja ilichovywa kwenye ndoo moja, ikapita jeraha hadi jeraha. Kidole kilichotoka kwa huyu kiliingia kwa yule. Jambo linaloniuma ni kwamba dawa za kuua vijidudu walikuwa nazo. Middleton Goldsmith, daktari wa jeshi la Kaskazini huko Louisville, alitumia bromini kwenye vidonda vilivyooza na kupunguza vifo sana, ila ilitiwa baada ya kidonda kuoza. Joseph Lister, daktari mpasuaji wa Uingereza, alichapisha hoja yake ya kuzuia uozo tangu mwanzo mwaka 1867, miaka miwili baada ya vita.

Wengi hawakumsadiki. Julai 1881 Rais James Garfield, aliyekuwa jenerali katika vita hivyo, alipigwa risasi. Daktari aliyeongoza matibabu yake, Willard Bliss, aliwahi kusimamia hospitali ya jeshi jijini Washington wakati wa vita. Yeye na wenzake walichokonoa jeraha kutafuta risasi kwa vidole na vyuma visivyosafishwa. Garfield alifariki Septemba 19, baada ya siku 79, akiwa amejaa usaha.