Danielle ni Mwafrika, na uongo tunaopeana kuhusu Mind Your Language

Kuna kinyozi hapa Kondele, Kisumu, mimi hunyolewa huko. Mwenye duka ana flashi moja tu na ndani ni Mind Your Language, kile kichekesho cha Uingereza cha darasa la wageni wanaojifunza Kingereza, kutoka mwanzo hadi mwisho, inacheza siku nzima, hadi watoto waliozaliwa juzi wanamuiga Ranjeet akiomba msamaha mara elfu. Sisi wa umri wangu tuliijua zamani, enzi za KBC na TV ya Greatwall inayotumia betri ya gari, na mtu mmoja nje anazungusha eriali akiuliza "imeshika?" na nyinyi ndani mnamjibu "rudisha, rudisha, hapo hapo usisonge" na masikini yeye haoni kitu, anasikia tu venye mnacheka.

Sasa Jumamosi foleni ilikuwa ndefu, stori zikaanza, na nikagundua tumekipenda hiki kipindi miaka yote hii na karibu kila kitu tunachojua kuhusu watu wake ni cha uongo.

Jamaa mmoja wa boda aliapa kabisa kwamba wale walikuwa wanafunzi wa ukweli, ati kamera zilipelekwa kwa shule ya jioni huko London zikawashika wakisoma. Zii. Ni waigizaji, na kila neno walilokosea lilikuwa limeandikwa na Mwingereza mmoja anaitwa Vince Powell, wakakaririshwa wakosee hivyo hivyo. London Weekend Television ndiyo ilitengeneza na kikaanza kuonyeshwa kwa stesheni ya ITV ya Uingereza Desemba 1977. Yule mama Jamila wa kufuma sweta, asiyejua hata kujitambulisha? Jina lake halisi ni Jamila Massey, alizaliwa Simla, India, na ameandika vitabu kwa Kingereza pamoja na mume wake Reginald Massey. Vitabu! Na sisi tulikuwa tunamhurumia.

Hii ndiyo huniuma kidogo, juu ile kushrabu yao, kule kuharibu Kingereza, ilikuwa kazi ya kulipwa. Sisi tulikuwa tunashrabu bure na juu yake tunachapwa. Waliosoma shule za huku wanakumbuka diski, kile kipande cha mbao unavalishwa shingoni ukishikwa ukiongea kilugha, unazunguka nacho hadi umpate mwenye kosa kama lako umpachike, na jioni wote waliokivaa wanapiga laini kwa ofisi ya mwalimu. Mimi kuna wiki nilikivaa siku nne. Halafu Ijumaa naenda kwa jirani kutazama watu wazima wakichapia Kingereza na mwalimu wao, Mr Brown, anashika tu kichwa, hakuna kiboko. Nilidhani Uingereza ni mbinguni.

Haya, twende kwa makabila yao, na hapa ndipo karibu tupigane. Kila mtu anaamini Mgiriki ni Mgiriki na Mfaransa ni Mfaransa. Max, yule Mgiriki, ni Kevork Malikyan, na huyo ni Muarmenia aliyezaliwa Uturuki, na ukimtafuta vizuri utampata kwa ile filamu ya Indiana Jones ya 1989 akiwa Kazim. Ranjeet wa kilemba, Singasinga kamili, aliigizwa na Albert Moses mzaliwa wa Sri Lanka, na alionekana pia kwa filamu mbili za James Bond. Juan wa Uhispania ni Ricardo Montez kutoka Gibraltar, kale kamji kako chini ya Uhispania lakini bendera ni ya Uingereza. Mchina Chung Su-Lee, yule wa kumtaja Mao kila dakika, ni Pik-Sen Lim, alizaliwa Penang, Malaysia. Ali Mpakistani? Dino Shafeek, mtoto wa Dhaka, hiyo ni Bangladesh ya leo. Yaani ni kama umchukue Mluhya wa Bungoma aigize Mkisii, halafu Mkisii umpeleke aigize Mtaita, mradi sisi tulio mbali hatutashuku.

Sio wote lakini. Msimu wa pili kulikuja Mswidi, Ingrid, na huyo alikuwa Mswidi wa kweli, Anna Bergman, tena binti ya Ingmar Bergman yule mwelekezi mkubwa wa filamu.

Sasa kinyozi akauliza swali zuri, kwa nini darasa limejaa dunia nzima na hakuna Mwafrika hata mmoja? Nikamwambia yuko, umemtazama miaka thelathini. Danielle. Yule Mfaransa mrembo aliyekuwa akisumbua darasa lote? Huyo huyo. Françoise Pascal, alizaliwa Mauritius 1949, na Mauritius ni Afrika, iko kwa AU kama sisi. Kelele iliyotoka pale! Tukaweka dau la soda.

Wengine wanadhani kipindi kilikaa miaka kumi na kitu, na siwalaumu, venye kilirudiwa. Cha mwanzo kilikuwa vipindi 29 pekee, 13 halafu 8 halafu 8, na Desemba 1979 kikafungwa. Ukipanda basi la Kisumu kwenda Mombasa na simu yenye chaji unavimaliza vyote kabla hujashuka.

Na hakikufungwa na Malkia. Hii ya Malkia sijui ilitoka wapi lakini Kondele nzima inaijua, ati aliona Waingereza wanaaibishwa akapiga simu. Aliyekikata ni Michael Grade, mmoja wa wakubwa wa vipindi pale London Weekend, na sababu yake ilikuwa kwamba kinawadhalilisha wageni, kila taifa limepewa tabia moja ya kuchekwa basi. Watazamaji hawakuwa wamepungua, mamilioni bado walikuwa wanakitazama. Mimi hapo niko katikati. Grade hakukosea, kuna vichekesho pale nikivisikia leo natazama chini, lakini pia najua babangu, ambaye hakumaliza shule, alikuwa anacheka hadi machozi juu kwa mara ya kwanza aliona watu wazima kwa dawati wakihangaika na Kingereza kama yeye, na kesho yake wanarudi tu. Na wenyewe waliochekwa hawakukitupa, Wahindi walitengeneza chao mwaka wa 1993, Zabaan Sambhalke, hapo wageni wanafundishwa Kihindi.

Kilirudi mara moja katikati ya miaka ya 80, vipindi 13, Mr Brown akiwa yeye yule na baadhi ya sura mpya. Ali hayuko, na pale kwa kinyozi kuna mzee anasema alifukuzwa kwa sababu ya kugombana na Ranjeet. Mzee wangu, ule ugomvi ulikuwa wa script. Dino Shafeek aliaga 1984.

Kuhusu Mr Brown mwenyewe, Barry Evans, watu wanasema alitajirika akastaafu ufukweni. Natamani ingekuwa hivyo. Alilelewa kwa makao ya watoto ya Barnardo's, akapata jina 1969 na kichekesho cha TV cha Doctor in the House, halafu ikaja hii, na baadaye kazi zikakauka kabisa, uso wake ukiwa bado wa kijana na hakuna anayetaka kumpa sehemu ya mtu mzima. Akaishia dereva wa teksi huko Leicestershire. Februari 1997 polisi walienda kwake kumwambia gari lake lililokuwa limeibiwa limepatikana, wakamkuta amekufa. Alikuwa na miaka 53, na uchunguzi haukusema wazi kilichomuua. Nilipoeleza hayo hata mashine ya kunyoa ilizimwa kidogo.

Halafu yule wa boda akatoa simu, akasoma kuhusu Danielle mwenyewe kwa sauti, akafika pale pa Mauritius akanyamaza, akasema hiyo ni kisiwa, kisiwa hakihesabiki. Soda yangu bado sijaiona.