Je, wajua kwa nini kuandika “dagaa” mara mia hakuupandishi ukurasa wako Google?

Miaka michache iliyopita nilimtengenezea shangazi yangu tovuti. Shangazi anauza dagaa wakavu mwaloni Kibirizi, kaskazini kidogo mwa mji wa Kigoma, na wateja wake wengi hawajawahi kumtia machoni. Wako Tabora, Dodoma, Dar es Salaam. Wanapiga simu, mzigo unapakiwa. Nilitaka kila anayeandika “dagaa wa Kigoma” kwenye Google akutane na ukurasa wetu kwanza, bila sisi kulipia tangazo. Basi nikafanya nilichoamini ndiyo kazi yenyewe. Chini kabisa ya ukurasa niliandika “dagaa wa Kigoma, dagaa wazuri Kigoma, bei ya dagaa Kigoma” zaidi ya mara mia, kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe, ili binadamu asiyaone maneno hayo ila mashine iyaone.

Miezi ikapita. Nikitafuta mwenyewe, naperuzi hadi nachoka, ukurasa wetu sikuuona.

Niliamini injini ya utafutaji ni karani wa kuhesabu maneno: anayelitaja neno mara nyingi ndiye mwenye jambo lake. Imani hiyo ningali naisikia kwa vijana wanaotengeneza tovuti za maduka na nyumba za wageni, na hawajaiokota hewani. Kuna wakati ilikuwa karibu na kweli.

Injini za mwanzo, kama AltaVista iliyofunguliwa mwaka 1995, zilitegemea sana maneno yaliyomo ndani ya ukurasa wenyewe. Kulikuwa pia na sehemu iliyofichika kwenye msimbo wa ukurasa ambapo mwenye tovuti aliorodhesha maneno makuu ya habari yake, na baadhi ya injini ziliyaamini. Ukiwaza vizuri utaona tatizo. Ukurasa unaulizwa: wewe unahusu nini, na una ubora gani? Nao unajijibu. Muuza viatu aliweza kuandika “mpira wa miguu”, “muziki” na “dawa” mle ndani akavuta watu ambao viatu hawakuvitafuta. Septemba 2009 Google ilitangaza wazi kwamba sehemu ile haiitumii kabisa katika kupanga matokeo. Mimi niliijaza kwa makini miaka mingi baadaye, kwa kufuata mwongozo wa zamani ulionakiliwa na watu kumi bila mmoja wao kuuhakiki.

Kurudia maneno nako kuna ukomo wake. Kanuni za kupima kama ukurasa unaendana na swali huangalia kweli idadi ya maneno, lakini faida ya kila marudio hupungua haraka. Ni kama sukari kwenye kikombe cha chai. Kijiko cha kwanza kinabadilisha chai, cha pili kinaongeza utamu, cha kumi kinakaa chini bila kuyeyuka. Isitoshe, maneno hayana uzito sawa. Mwaka 1972 mtafiti wa Cambridge, Karen Spärck Jones, alionyesha kwamba neno linalopatikana katika maandishi machache ndilo linalosaidia zaidi kutenganisha andiko moja na jingine. “Na” na “kwa” ziko kila mahali, hazikusaidii kuchagua. “Mgebuka” ni neno adimu, na mtu akiliandika, kurasa zenye samaki huyo wa Ziwa Tanganyika hujitenga zenyewe upesi. Mimi nilirudia neno “bei”, ambalo kila duka nchini linalo.

Kuficha maneno ni kosa la peke yake, tena lenye adhabu. Februari 2006 Google iliiondoa kwenye matokeo yake tovuti ya BMW ya Ujerumani, kwa sababu ilitumia kurasa zilizojazwa maneno kwa ajili ya mashine, huku msomaji akipelekwa kwenye ukurasa mwingine. Ikarejeshwa baada ya kurasa zile kuondolewa. Kama kampuni kubwa kiasi hicho haikuachwa, ukurasa wa dagaa wa Kibirizi ungeachwa kwa lipi?

Sasa, kama mashine haiwezi kukuamini ukijisifu, imwamini nani?

Jibu nilikuwa nalisikia kila siku bila kulitambua. Shangazi akipokea simu ya mteja mpya, baada ya salamu humwuliza swali moja: “Umeelekezwa na nani, mwanangu?” Siku moja nikamwuliza kwa nini hakosi kuuliza. Akanijibu, “Kila mtu hapa atakwambia dagaa wake hawana mchanga. Mimi nataka kujua nani kanisema huko. Akiwa yule mama wa Kasulu, najua huyu mteja atanunua, maana yule mama hasemi ovyo.”

Shangazi hahesabu ni wangapi wanaomsema. Anapima msemaji. Na msemaji naye ana uzito kwa sababu kuna wengine wanaomwamini.

Wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin, walianza mwaka 1996 mradi wa kupima jambo hilohilo kwenye intaneti. Waliuita BackRub, kwa kuwa ulitazama viungo, yaani yale maneno ya kubofya yanayokupeleka ukurasa mwingine, vinavyouelekea ukurasa kutoka nyuma, yaani kutoka kurasa za wengine. Mwaka 1998 walieleza kanuni yake kwa maandishi, wakaipa jina PageRank, na mwaka huohuo Google ikasajiliwa. Kurasa nyingi hugunduliwa kwanza na roboti zinazofuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine, maneno yake yanaingizwa kwenye faharasa kubwa kama ile ya mwisho wa kitabu, kisha kazi ngumu inabaki: katika maelfu ya kurasa zenye neno moja, upi utangulie? Hapo ndipo penye utamu, na naomba tutulie kidogo.

Chukua kurasa tatu tu duniani, tuziite Ujiji, Mwanga na Kibirizi. Ujiji ina viungo viwili, kimoja kwenda Mwanga na kimoja Kibirizi. Mwanga ina kiungo kimoja, kwenda Kibirizi. Kibirizi nayo ina kimoja, kwenda Ujiji. Ukihesabu kwa vidole, Kibirizi inaelekezwa na wawili, Ujiji na mmoja, Mwanga na mmoja. Ungesema Kibirizi ndiyo kubwa, na hizo mbili ziko sawa. Mimi ningesema hivyo.

Zipe kila moja shanga 40. (Karne ya 19 shanga zilikuwa fedha katika soko la Ujiji, kwa hiyo hatujaenda mbali.) Sheria ni moja: kila raundi, kila ukurasa unatoa shanga zake zote kwa kurasa unazozielekeza, ukizigawa sawasawa. Raundi ya kwanza Ujiji inapata 40 za Kibirizi. Mwanga inapata 20, nusu ya za Ujiji. Kibirizi inapata 20 za Ujiji na 40 za Mwanga, jumla 60. Raundi ya pili Ujiji inapata 60, Mwanga 20, Kibirizi 40. Ya tatu ni 40, 30 na 50. Ya nne ni 50, 20 na 50. Zinapanda na kushuka kama mtumbwi uliofungwa gatini, lakini kadiri raundi zinavyoendelea mtikisiko unapungua, na mwishowe zinatulia: Ujiji 48, Mwanga 24, Kibirizi 48.

Tazama hapo. Ujiji ina kiungo kimoja tu kinachoielekea, sawa na Mwanga, lakini ina shanga mara mbili ya Mwanga. Tena imelingana na Kibirizi yenye viungo viwili. Sababu ni kwamba anayeielekeza Ujiji ni Kibirizi, mwenye shanga nyingi, na anampa zote bila kumgawia mwingine. Mwanga nayo inaelekezwa na tajiri, ila tajiri huyo anagawa mikono miwili. Kiungo kimoja kutoka kwa anayeaminiwa na asiyeelekeza ovyo kinaweza kuvishinda viungo vingi vya watu wasiojulikana. Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza kwa kalamu na karatasi, nilirudia kuijumlisha mara tatu, maana macho yangu hayakukubali.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba swali lenyewe lilionekana kama njia isiyo na mwisho. Ili kujua uzito wa Ujiji lazima ujue wa Kibirizi, na ili kujua wa Kibirizi lazima ujue wa Ujiji. Pa kuanzia hapapo. Jibu likawa: anza popote, wape wote sawa, kisha gawa na ugawe tena. Hesabu itajituliza yenyewe.

Page na Brin waliieleza kwa namna nyingine pia, ya mtu anayebofya ovyo. Mfikirie mgeni aliyeshuka treni Kigoma hana mwenyeji. Anamwuliza mtu wa kwanza, anaelekezwa kwa wa pili. Wa pili anamwelekeza kwa wa tatu. Anatembea hivyo siku nzima, mwezi mzima. Mlango anaojikuta akiubisha mara nyingi zaidi ndio wenye uzito. Lakini wako wauzaji wawili wanaosifiana wao kwa wao tu, na mgeni akiingia katikati yao hatoki tena. Kwa hiyo kanuni inamruhusu kuchoka. Katika andiko lao waliweka kipimo cha 0.85: katika hatua 100, kama 85 atafuata maelekezo, na kama 15 atapanda bodaboda aende popote bila kuelekezwa na mtu. Ule mtego wa wawili wanaosifiana unapungua nguvu kwa sababu hiyo.

Haimaanishi kwamba leo matokeo ya Google ni shanga tu. PageRank ya leo si ileile ya 1998, na sasa inachanganywa na vigezo vingine vingi: kama ukurasa unajibu swali lililoulizwa, lugha ya mtafutaji, mahali alipo, ukurasa unavyosomeka kwenye simu. Google haijachapisha uzito wa kila kigezo, na mwaka 2016 iliondoa hata kile kipimo cha PageRank ambacho watu waliweza kukiona kwenye vivinjari vyao. Mtu akikwambia leo kwamba anajua alama kamili za tovuti yako ndani ya Google, muulize amezisoma wapi.

Kununua viungo nako ni kuvunja kanuni za Google, na mabadiliko yaliyopewa jina Penguin, ya Aprili 2012, yalilenga viungo vya hila hasa. Na yale magrupu ya WhatsApp tunakosambaza anwani za tovuti? Yanaleta wageni kweli, wanaobofya palepale, wala sishauri kuyaacha. Ila roboti ya Google haiingii kwenye grupu lako, kwa hiyo pongezi zote za humo hazihesabiki kama kuelekezwa. Kiungo inachokiona ni kile kilichowekwa mahali pa wazi, kwenye ukurasa wa mtu mwingine, aliyeona kuna sababu ya kukiweka.

Hapo ndipo tovuti yetu ilipokuwa imekwama. Ilikuwa na picha, bei na namba ya simu. Nani angeielekeza? Mwenye blogu ya mapishi hana sababu ya kuweka kiungo cha bei ya mtu. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dagaa wa shangazi walikuwa wazuri, ila hapakuwa na njia ya kuwafikia, na ukurasa wenyewe haukuwa na chochote cha kumfaa asiyenunua.

Nilifuta yale maneno meupe yote. Nikakaa na shangazi jioni moja nikamwuliza wateja humsumbua kwa swali gani zaidi. Akasema: kwa nini siku fulani za mwezi dagaa wanaadimika na bei inapanda? Nikaandika jibu lake kama alivyolisema. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi nyingi za betri na sola. Taa huvuta samaki kwa sababu kuzunguka kwake ni giza. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa ya mvuvi inakosa nguvu, na wavuvi wengi hupumzika hadi giza lirudi. Mwaka 2024 nikaongeza tarehe za kusitishwa kwa uvuvi ziwani, 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa kuwa kila mteja wa bara alikuwa akiuliza.

Ukurasa huo haukutaja “dagaa wazuri” hata mara moja. Baada ya muda nikaona viungo vitatu vikiuelekea: mwenye blogu ya mapishi, mtu anayeandika habari za safari za ziwani, na mwalimu wa sekondari aliyeuweka kwenye ukurasa wa mazoezi ya wanafunzi wake wa baiolojia. Vitatu tu. Wageni wakaanza kuja, kidogokidogo, bila shilingi ya tangazo.

Wiki hiyo mteja akapiga simu kutoka Urambo. Nilikuwa nimeketi pembeni ya shangazi, tukichambua dagaa kwenye turubai.

“Umeelekezwa na nani, mwanangu?”

Yule mtu akamjibu kwamba aliona Google. Shangazi akaandika oda yake, akaagana naye, kisha akanigeukia, daftari bado mkononi.

“Na huyo Google yeye kaelekezwa na nani?”

Nikamwambia: na mwalimu mmoja wa baiolojia. Akaandika kwenye daftari, mbele ya oda ya Urambo, “mwalimu”.