Meshi ndogo haitakuokoa: zege, nondo na elementi finiti

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wahandisi vijana ni hili: meshi iwe ndogo kiasi gani? Wanataka namba. Sentimita 50? 25? 10? Nyuma ya swali kuna imani kwamba ukikata muundo vipande vidogo zaidi, ukweli unajitokeza zaidi. Kwa chuma imani hiyo ina msingi. Kwa zege lenye nondo inategemea umeiuliza programu nini, na yapo maswali ambayo kila ukipunguza meshi, jibu linazidi kuharibika.

Kwa msomaji asiye wa fani: uchambuzi wa elementi finiti ni kuigawa boriti, slabu au ukuta katika vipande vidogo, kila kipande kikiwa na tabia rahisi inayojulikana, kuviunganisha kwenye nodi zao, yaani pembe zinapokutana, kisha kuiachia kompyuta itatue maelfu ya milinganyo kwa mpigo mmoja. Kila kipande ni elementi, na wavu wa vipande vyote ndio meshi. Jina hilo alilitoa Ray Clough wa Berkeley mwaka 1960, miaka michache baada ya yeye na wenzake kuitumia njia hiyo kwenye miundo ya ndege. Ndege zilikuwa za metali. Zege lina vituko vyake.

Chukua zege la C30 la kawaida, yaani la daraja la kugandamizwa la megapaskali 30. Uwezo wake wa kuvutwa ni wastani wa megapaskali 2.9, kama sehemu ya kumi ya uwezo wake wa kugandamizwa. Linapofika hapo na kupasuka, limerefuka kwa chini kidogo ya sehemu moja katika elfu kumi. Nondo iliyomo ndani yake imerefuka kiasi hicho hicho, maana vimeshikana, na kwa urefukaji huo nondo inabeba takriban megapaskali 18. Hiyo ni nondo tuliyoinunua kwa uwezo wa 500! Maana yake ni kwamba mpaka zege lipasuke, nondo karibu haijaanza kazi. Mteja anayenipigia simu akilalamika kwamba boriti yake ina nyufa nyembamba kama unywele, mara nyingi analalamikia boriti inayofanya kazi yake.

Sasa angalia modeli tunazoendesha ofisini kila siku, iwe kwenye programu za ETABS, SAFE au Prokon. Nyingi ni za elastiki: zinadhani zege halijapasuka na halitapasuka. Zinachambua kitu ambacho baada ya kuondoa fomu, zile mbao za kumwagia zege, hakipo tena. Mbona basi majengo yanasimama?

Yanasimama kwa sababu ya nadharia ya plastiki, yaani ya vitu vinavyojinyoosha bila kurudi. Ukipata mgawanyo wowote wa nguvu za ndani unaosawazisha mizigo ya nje, ukaweka nondo za kutosha kwa mgawanyo huo, na muundo ukawa na uwezo wa kujinyoosha bila kukatika ghafla, basi utaubeba mzigo ule au zaidi. Si lazima mgawanyo uwe ule wa kweli. Inatosha uwe na usawa. Modeli ya elastiki inatupatia mgawanyo mmoja wa namna hiyo, na nondo za kulala, zinazobeba mpindo, zinajinyoosha na kuhamisha mzigo kidogo kidogo mpaka mambo yakae sawa. Mpindo unasamehe.

Lakini sharti limo humo humo katikati: bila kukatika ghafla. Ukuta au slabu isiyo na ringi, yaani nondo za kukatiza zinazozuia mkato, ikizidiwa na mkato (nguvu inayotaka kuteleza upande mmoja dhidi ya mwingine) haijinyooshi wala haihamishi kitu. Ufa wa mshazari unafunguka na habari imekwisha. Hapo nadharia iliyokuwa inatulinda inaondoka, na namba iliyotoka kwenye modeli inabaki peke yake. Kwa hiyo modeli ile ile, yenye meshi ile ile, inaweza kuwa salama kwa mpindo na ya hatari kwa mkato.

Mfano wake mkubwa uko Norwei. Tarehe 23 Agosti 1991, kwenye hori la Gandsfjord karibu na Stavanger, msingi wa zege wa jukwaa la gesi la Sleipner A ulikuwa unashushwa majini kwa majaribio, kabla ya kupandishwa sehemu ya juu. Ulikuwa na seli 24, eneo la kitako chake mita za mraba 16,000, na ulikusudiwa kusimama kwenye kina cha mita 82 katika Bahari ya Kaskazini. Ukuta mmoja ukapasuka, maji yakaingia kwa kasi ambayo pampu hazikuweza kuishinda, na muundo wote ukazama na kusagika kwenye sakafu ya hori, mita 220 chini. Mitambo ya kupima matetemeko ilisoma 3.0 kwenye kipimo cha Richter. Waliokuwemo waliokolewa wote. Hasara ilitajwa kuwa kama dola milioni 700.

Ukuta uliopasuka ulikuwa mahali padogo tu. Ukisogeza mapipa matatu yagusane, katikati inabaki nafasi yenye pembe tatu. Ndivyo seli zile zilivyopangwa, na nafasi hizo za pembe tatu zilikuwa wazi kwa bahari. Kwa hiyo zilijaa maji huku seli za pembeni zikiwa kavu, na kuta zake zikasukumwa kutoka upande mmoja na shinikizo lote la kina kile.

Hesabu yake ya mkono inatosha kuandikwa nyuma ya bahasha. Maji ya bahari yenye kimo cha mita 65 yanasukuma kwa karibu kilopaskali 650. Nikichukua ukuta wenye upana wa mita 4.4, kipimo kilicho karibu na ule halisi, kila mita moja ya kimo cha ukuta inapokea kilonewtoni 2,860, na kila mwisho wa ukuta unabeba nusu yake, yaani 1,430 za mkato. Gawanya kwa unene wa zaidi kidogo ya nusu mita: unapata zaidi ya megapaskali 2.5. Mhandisi akiona namba hiyo kwenye ukuta, swali lake la kwanza ni ringi ziko wapi.

Modeli ya kompyuta, iliyoendeshwa kwa programu ya NASTRAN, haikuonyesha hivyo. Meshi kwenye kona zile ilikuwa ya elementi chache na zilizopinda umbo, na mkato wa ukingoni ulipatikana kwa kunyoosha namba kutoka ndani ya elementi kuelekea kwenye uso wa ukuta. Ulitoka pungufu kwa asilimia 47. Juu ya hapo, nondo zenye vichwa vya T zilizopita kwenye kona hizo zilikuwa fupi, hazikufika kwenye eneo la mgandamizo ambako zingeshikwa vizuri. Uchambuzi uliorudiwa baadaye kwa uangalifu ulikadiria kwamba ukuta ungevunjika kwenye kimo cha mita 62. Kweli ilikuwa kama 65.

Wengi wanaisoma hadithi hii kama ya meshi kubwa mno, na ni kweli meshi ilikuwa mbaya. Mimi naisoma kwa namna nyingine. Kosa lile lile la asilimia 47 kwenye momenti ya slabu, yaani kipimo cha mpindo, lingeleta nyufa, slabu ingelegea, watu wangelalamika na pengine kufikishana mahakamani. Lilitua kwenye mkato, mahali pasipo na ringi za kutosha. Na jambo ninalolipenda zaidi katika kisa hiki: msingi wa pili ulipohitajika haraka, wahandisi hawakusubiri programu ikaguliwe. Waliusanifu kwa hesabu za mkono, na Sleipner A ikaanza kuzalisha gesi mwaka 1993.

Nirudi kwenye meshi. Ndani ya modeli ya elastiki, kuna mahali ambapo kuipunguza kunasaidia na mahali ambapo kunapotosha. Elementi ya nodi nne ya kawaida, ikiwa ya mraba na ikibebeshwa mpindo peke yake, inakuwa ngumu kupita kiasi kwa zaidi ya asilimia 40. Ukiirefusha iwe ya mstatili, hali inakuwa mbaya zaidi. Hapo kata vipande zaidi, au tumia elementi ya daraja la juu. Lakini juu ya nguzo, kwenye slabu isiyo na boriti, momenti ya kilele haina mwisho: ukipunguza meshi nusu inapanda, ukipunguza tena inapanda tena, kwa sababu umeiwakilisha nguzo kama nukta na nukta haina upana. Vijana wanaona rangi nyekundu pale kwenye mchoro wa programu na kujaza nondo mpaka kokoto haipiti. Chukua momenti ya wastani juu ya upana wa ukanda wa nguzo, usome kwenye uso wa nguzo, uendelee na kazi. Rangi ile iache.

Tukiingia kwenye modeli inayoruhusu zege kupasuka, ndipo meshi inapogeuka kuwa mtego. Kazi hii ilianzishwa na Ngo na Scordelis, Berkeley, 1967; wao walichora nyufa mapema, kati ya elementi. Mwaka uliofuata Rashid akaja na wazo la kuusambaza ufa ndani ya elementi yote, na ndilo linalotumika zaidi mpaka leo. Elementi ikifika uwezo wake wa mvuto inalegea taratibu hadi haibebi kitu.

Ila angalia nishati. Ukiambia programu kwamba zege linalegea kwa mkunjo fulani (mstari wa grafu) wa mkazo dhidi ya urefukaji, nishati inayotumika kufungua ufa inakuwa eneo chini ya mkunjo huo mara upana wa elementi. Punguza elementi kutoka milimita 100 hadi 50, na ufa ule ule sasa unafunguka kwa nusu ya gharama. Endelea kupunguza na utafika mahali ambapo zege linapasuka bure. Umeifanya meshi kuwa nzuri, boriti imekuwa dhaifu, na hakuna kilichobadilika kwenye boriti.

Dawa ilitolewa na Bažant na Oh mwaka 1983. Nishati ya kufungua ufa ni tabia ya zege, kama ulivyo uwezo wake wa kugandamizwa. Kwa C30, fomula ya Model Code 2010, mwongozo wa kimataifa wa usanifu wa zege, inatoa takriban newtoni 140 kwa mita. Kwa hiyo mkunjo wa kulegea urekebishwe kwa kila ukubwa wa elementi, ili nishati ibaki ile ile. Programu nzuri zinafanya hivyo zenyewe, lakini kwa baadhi ni chaguo lililojificha ndani ya menyu, na chaguo la mwanzo si lazima liwe sahihi. Ripoti ikiniletea modeli ya zege linalopasuka bila kutaja nishati ya ufa mahali popote, siendelei kusoma matokeo.

Hata ukifanya yote hayo vizuri, mkato bado unasumbua mabingwa. Chuo Kikuu cha Toronto walijenga kipande cha slabu chenye unene wa mita 4, upande mmoja bila ringi, wakawaalika wahandisi na watafiti kubashiri kitavunjika kwa mzigo gani. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Bashiri zilitawanyika vibaya, na wapo waliokisia mara kadhaa ya nguvu halisi. Zege nene lisilo na ringi lina nguvu ndogo kwa kila milimita ya mraba kuliko zege jembamba, na mtu aliyezoea boriti za maabara hilo linampita.

Niseme pia, maana wasomaji wa hapa watauliza: majengo yetu yanayoanguka hayaangushwi na meshi. Ghorofa 16 lililoporomoka mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, Machi 2013, na kuua zaidi ya watu 30, lilizua maswali ya vibali, usimamizi na ubora wa ujenzi. Modeli yangu inaandikwa C30. Pale site fundi anaongeza ndoo mbili za maji ili zege liteleze, na C30 imebaki kwenye karatasi. Hakuna elementi ya kurekebisha hilo.

Basi kabla sijaiamini modeli ya mtu, najumlisha kwanza nguvu za kwenye vitako, mahali muundo unapoegemea. Zikipishana na jumla ya mizigo, hatujaanza. Halafu nakata kipande cha muundo kwa kalamu, kama ukuta ule wa pembe tatu, na kutafuta mkato wake mwenyewe, nikilinganisha na mkato uliojumlishwa kwenye sehemu nzima ya ukato, si kilele cha nodi moja. Vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 10, aliyetengeneza modeli anieleze sababu kwa maneno.

Kwa anayetaka kuchambua nyufa, ninampa zoezi. Bresler na Scordelis walivunja boriti 12 na kuchapisha matokeo mwaka 1963. Vecchio na Shim wakazijenga upya Toronto na kutoa matokeo mwaka 2004. Anza na boriti iitwayo OA1: uwazi wa mita 3.66, kimo cha zaidi kidogo ya nusu mita, nondo chini, haina ringi hata moja. Ilivunjika kwa mkato kwenye karibu kilonewtoni 330 mara zote mbili. Itengeneze kwa meshi ya milimita 50, kisha 25, bila kugusa namba nyingine yoyote. Ukipata 330 kwa meshi moja na 240 kwa nyingine, usiifungue faili ya jengo la mteja leo.